Kinubi kimoja, kasi mbili: masanduku ya Beatles ya 2009

Kinubi kinaanza peke yake. Sekunde chache tu, kisha Paul McCartney anaingia na habari za alfajiri ya Jumatano, na binti anayefunga mlango wa chumba chake taratibu asiwaamshe wazazi.

Ukiupiga wimbo huo wa Beatles, "She's Leaving Home", kutoka sanduku la CD za sterio (chaneli mbili, kushoto na kulia) la mwaka 2009, unachukua dakika 3 na sekunde 35. Ukiupiga kutoka sanduku la mono (chaneli moja), lililotoka siku hiyo hiyo katika studio hiyo hiyo, unakwisha kwa dakika 3 na sekunde 26. Na hakuna kipande kilichokatwa. Wimbo mzima unakwenda mbio kidogo, na sauti zote zimepanda karibu nusu toni. McCartney anakuwa kijana zaidi. Wazazi wanalia kwa haraka zaidi.

Sasa ipi ndiyo asili?

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, maana kila sanduku la namna hii huuzwa kwa ahadi moja: safari hii utausikia muziki kama ulivyokuwa. Na aliyeongeza kasi ya wimbo si fundi wa 2009. Ni watu wa 1967 wenyewe, waliozungusha tepu kwa kasi zaidi kwa makusudi walipokuwa wakimiksi mono, yaani kuchanganya ala na sauti zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja. Zamu ya sterio ilipofika hawakufanya hivyo. Miksi zote mbili zimepita mikononi mwa George Martin, prodyuza wao, na zote mbili zilitoka rasmi.

Siku moja, masanduku mawili

Tarehe 9 Septemba 2009 ndiyo inayoifanya kazi hii iwe ya kipekee kwa anayetaka kujua rimasta, yaani kuandaa upya miksi ya zamani bila kuimiksi tena, ni nini hasa. Si mara nyingi bendi inatoa kazi zake zote kwa mpigo katika sura mbili, timu moja ikitumia mitambo ile ile kwa kanuni mbili tofauti.

Sanduku la sterio lina CD 16 na DVD moja ya filamu fupi. La mono lina CD 13: albamu kumi, kuanzia Please Please Me hadi ile nyeupe ya 1968, pamoja na Mono Masters, diski mbili za nyimbo zilizotoka nje ya albamu. Abbey Road na Let It Be hazimo kwa sababu hazikuwahi kumiksiwa kwa mono. Yellow Submarine nayo haimo kama albamu, kwa kuwa santuri yake ya mono ilikuwa sterio iliyobanwa tu ikawa chaneli moja. Nyimbo zake nne mpya zimewekwa kwenye Mono Masters, kwa miksi za mono za kweli.

Wapenzi wa bendi hii wanajua kwamba hadi 1968 mono ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Bendi ilikuwepo wakati wa kumiksi na ilitoa maoni. Sterio mara nyingi ilifanywa baadaye, haraka, na mafundi peke yao. Matokeo yake yanasikika hata kwa sikio lisilo na mazoezi. "Helter Skelter" ya mono inafifia na kwisha kwenye dakika 3 na sekunde 40, wakati ya sterio inafifia, inarudi, inafifia tena, hadi Ringo Starr, mpiga drams, anapopiga kelele kuhusu malengelenge ya vidole vyake. Marudio ya "Sgt. Pepper" upande wa mono yana kelele nyingi zaidi za hadhira na McCartney anayepiga ukelele mwishoni, mambo ambayo kwenye sterio yamezama.

Albamu za mwanzo zina tatizo jingine kabisa. Please Please Me ilirekodiwa kwa traki mbili tu: ala upande mmoja, waimbaji upande mwingine. Mgawanyo huo ulikusudiwa kumpa prodyuza nafasi ya kusawazisha sauti kabla ya kuziunganisha ziwe mono. Haukuwa mpango wa jukwaa la sterio. Ukisikiliza kwa hedifoni, John Lennon anaimba sikio la kulia na drams zinapigwa la kushoto, katikati patupu. Kitoe kifaa cha sikio la kulia umsikilize mtu anayekuongelesha, na mwimbaji ameondoka.

Mezani

Mradi ulichukua miaka minne katika studio za Abbey Road, London, ambazo albamu ile ilichukua jina lake, Allan Rouse akiwa mratibu. Upande wa sterio alikuwepo Guy Massey na Steve Rooke; upande wa mono Paul Hicks na Sean Magee; Simon Gibson alishika usafishaji.

Hatua ya kwanza haina uchawi wowote. Tepu ya masta, yenye miksi ya mwisho, inawekwa kwenye mashine ya Studer A80, inachezwa, na mawimbi yake yanageuzwa kuwa namba kwa biti 24 na kilohezi 192, kisha yanahifadhiwa kwenye programu ya Pro Tools. Wimbo mmoja mmoja. Baada ya kila wimbo, vichwa vya mashine vinasafishwa, kwa sababu tepu ya zamani huacha vumbi la oksidi, na vumbi jembamba tu likikaa kati ya kichwa na tepu linakula sauti za juu kwanza. Fundi asiyesafisha atadhani wimbo wa sita ulirekodiwa kwa giza kuliko wa kwanza, ataanza kuuongezea makali kwenye ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha sauti za juu, za kati au za chini), na kosa la uchafu litageuka kuwa uamuzi wa kisanii.

Waliamua mapema nini kiruhusiwe kuguswa. Mlio wa umeme, ndiyo. Herufi "p" inayopiga kipaza sauti kama kofi, "s" zinazochoma, na maungio mabaya ya tepu, ndiyo, pale ambapo kurekebisha hakuharibu utendaji wenyewe. Kikohozi, kiti kinacholia, pumzi kabla ya kuimba: hapana. Programu ya kuondoa mvumo wa tepu ilitumika kwa chini ya dakika tano katika dakika 525 zote.

Nadhani hiyo ndiyo namba bora kuliko zote katika mradi mzima.

Mvumo wa tepu unakaa sehemu moja na ncha za matoazi, hewa ya sauti ya mwimbaji, mkia wa mwangwi unaofifia. Programu inayofuta mvumo inalazimika kubahatisha kipi ni mvumo na kipi ni muziki, na ikibahatisha vibaya, toazi linasikika kama linapigwa ndani ya maji. CD nyingi za miaka ya 1990 za bendi za zamani ziliharibiwa hapo: kimya kati ya noti kimekuwa kimya kweli, na noti zenyewe zimekufa.

Baada ya ikwalaiza, kazi ililinganishwa na santuri za awali na CD za 1987, kisha ikasikilizwa tena siku iliyofuata kwa masikio mapya. Mpaka hapa sterio na mono zinakwenda njia moja.

Desibeli tatu, nne

Njia zinaachana kwenye limita, kifaa cha kubana vilele vya sauti. Upande wa sterio ilitumika kwa kiasi, kama desibeli 3 hadi 4. Upande wa mono haikutumika kabisa.

Limita ni kama kupogoa ua: unakata vilele vinavyochomoza ili ua wote uonekane umeinuka kwa usawa. Kila pigo la drams lina ncha ya ghafla, sehemu ndogo sana ya sekunde, iliyo juu kuliko muziki mwingine wote. Ncha hiyo ndiyo inayozuia muziki wote usipandishwe, kwa kuwa CD ina dari na haipitiki. Limita inaibonyeza ncha, nafasi inapatikana, kila kitu kinapandishwa. Sasa CD yako haisikiki dhaifu inapochezwa baada ya albamu ya mwaka huu.

Kwa viwango vya 2009, desibeli tatu au nne ni adabu. Mwaka mmoja kabla, Metallica walitoa Death Magnetic, albamu iliyobanwa hadi mawimbi yake yakawa matofali, na mashabiki waliitafuta ile ya mchezo wa Guitar Hero kwa sababu nyimbo zile zile mle ndani zilikuwa bado zinapumua. Hata hivyo, adabu ya Abbey Road ina bei yake, na bei hiyo hailipwi dakika ya kwanza. Dakika ya kwanza sterio inashinda: besi imejaa, sauti iko usoni. Ni baada ya upande mzima wa albamu ndipo sikio linaanza kutafuta kisingizio cha kwenda kupika chai.

Mimi naamini hukumu nyingi zilizotolewa kuhusu masanduku haya zilikuwa hukumu za volyumu. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili vinavyopishana kwa desibeli moja, halisemi "hiki kina sauti kubwa zaidi". Linasema "hiki ni kizuri zaidi".

Kulinganisha kwa haki kunawezekana nyumbani, bila gharama:

Toa nyimbo kwenye CD kwa Exact Audio Copy kama unatumia Windows, au XLD kwa Mac, uzihifadhi kama FLAC, faili lisilopoteza chochote cha sauti. Zifungue kwenye foobar2000 na uzipime kwa ReplayGain. Programu itakuambia tofauti ya ukubwa wa sauti kwa wastani, na wastani ndio unaohitaji. Ukilinganisha kwa vilele peke yake umejidanganya, kwa kuwa limita kazi yake ni kuharibu uhusiano wa vilele na wastani. Kisha teremsha ile kubwa. Usipandishe ile ndogo. Ukiipandisha, vilele vyake vitagonga dari na utakuwa umeweka limita yako mwenyewe bila kujua. Mwisho tumia kifaa cha ABX ndani ya foobar, kinachokuficha ipi ni ipi. Majaribio 16, ukipata 12 au zaidi, bahati peke yake ina nafasi chini ya asilimia 5 ya kukufikisha hapo. Ukipata 9, jadili picha za jalada.

Mambo yanayovuruga jaribio hili ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Baadhi ya simu zina kiboresha sauti kilichowashwa kiwandani, nacho hupandisha na kubana kila kitu. Huduma za kusikiliza mtandaoni husawazisha volyumu zenyewe, kwa hiyo faida ya limita inafutwa na hasara yake inabaki. Halafu kuna CD za zamani zenye prifasisi. Abbey Road iliyotolewa Japani mwaka 1983, ile wanayoisaka wakusanyaji, ilirekodiwa sauti za juu zikiwa zimeongezwa kwa makusudi, kwa matarajio kwamba kicheza CD kitazipunguza. Programu nyingi za kompyuta hazifanyi hivyo. Faili linatoka likiwa na makali ya ziada yanayofikia karibu desibeli 10 kule juu kabisa, na mtu anaandika kwa uhakika kwamba CD ya Kijapani "ina uwazi". Ina hitilafu ya kusomwa. Programu ya SoX ina amri ya kuirekebisha, deemph. Ipitishe kwanza, halafu ndiyo ulinganishe.

Ukitaka kujua kama faili la mono ni mono kweli, lifungue kwenye Audacity, tenganisha chaneli mbili, igeuze moja juu chini, uzichanganye. Kukiwa kimya kabisa, chaneli zinafanana. Kukibaki mvumo mwembamba, tepu ya mono ilisomwa kwa kichwa cha sterio na hakuna aliyeziunganisha baadaye.

Palipo na shaka

Mtu akiishia hapo, anabeba hitimisho jepesi: mono haikuguswa, basi mono ndiyo ukweli. Hitimisho hilo linatikisika ukiuliza kwanza nini kilikuwa kwenye tepu.

Tepu ya masta ya 1966 ilikuwa imebanwa tayari. EMI, kampuni iliyomiliki studio, walikuwa na Fairchild 660, limita ya valvu ambayo fundi wao Geoff Emerick aliipitisha drams za Ringo hadi matoazi yakawa yanavuta pumzi, na mashine za Altec walizozifanyia marekebisho wenyewe. Kutoongeza limita mwaka 2009 maana yake ni kuheshimu limita za wakati ule.

Halafu tepu yenyewe haikuwa kile mtu alichokisikia dukani. Kati ya tepu na santuri alisimama fundi wa kukata, anayechonga mifereji ya santuri, na kazi yake ilikuwa kuzuia hasara. Besi kubwa inapanua mfereji wa santuri na kuifanya sindano ya bei rahisi iruke, na santuri inayoruka inarudishwa dukani. Kwa hiyo besi ilipunguzwa kwa miaka mingi, hadi "Paperback Writer" ya 1966 ilipokatwa kwa sauti kubwa kuliko kawaida ya EMI, kwa msaada wa kifaa kipya cha kudhibiti vilele. Wanamuziki waliusifu ule wimbo kwa besi yake. Sehemu ya sifa ilikuwa ya chumba cha kukatia.

Kwa hiyo asili ni tepu ambayo umma haukuwahi kuisikia, au ni santuri ambayo bendi iliilalamikia?

Timu ya 2014 iliijibu kwa vitendo. Safari hii sanduku la mono lilitoka kwa santuri, LP 14, na hakukuwa na hatua ya kidijitali hata moja: Sean Magee na Steve Berkowitz walichukua tepu, Studer A80, na mashine ya kukatia ya miaka ya 1980, wakafuata maandishi ambayo wakataji wa miaka ya 1960 walikuwa wameyaacha, huku wakilinganisha na santuri za kwanza. Hawakurudisha tahadhari zote za besi, kwa sababu sindano za leo zinahimili. Hapo napo ni uamuzi. Ila ni uamuzi unaoonekana, na ndiyo maana naupenda kuliko santuri za sterio za 2012, ambazo zilikatwa kutoka faili za dijitali za kilohezi 44.1. Faili hizo zilikuwa za biti 24, kama zile zilizouzwa 2009 ndani ya tufaha la chuma lenye USB, ila bila limita. Kulipia santuri iliyotoka kwenye faili la dijitali ni, kwa sehemu kubwa, mapenzi ya jalada, na jalada ni zuri kweli.

Kwa wenye santuri za mono: katriji ya sterio inazicheza bila madhara, lakini inasoma pia mitikisiko ya juu na chini, ambayo kwenye mono ni vumbi na mikwaruzo tu. Bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya na nusu ya kelele inaondoka. Kama hakuna kitufe, waya wa kuunganisha chaneli mbili kuwa moja unafanya kazi hiyo. Na jaribu kuzima spika moja. Mono kwenye spika mbili inajenga mwimbaji wa kufikirika katikati, na ukisogea hatua moja anahama. Kwenye spika moja anakaa mahali pake.

Kisichorudi

Kuna jambo ambalo rimasta haliwezi, hata mikononi mwa fundi bora. Queen ndio mfano wazi, bendi ya Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. "Bohemian Rhapsody", waliyoanza kuirekodi studio ya Rockfield huko Wales mwaka 1975, ina kwaya iliyojengwa na watu watatu kwa kurudia na kurudia. Traki 24 hazikutosha, kwa hiyo sauti ziliunganishwa na kunakiliwa kwenye traki nyingine, kisha tena. Kila nakala inaongeza mvumo na kupoteza ncha, na kila mzunguko unasugua oksidi. Brian May, mpiga gitaa wao, amesimulia kwamba tepu ilichakaa hadi mwanga ukapita.

Fundi Bob Ludwig alirimasta kazi zao mwaka 2011, na sanduku la santuri la 2015, The Studio Collection, likakatwa Abbey Road na Miles Showell kwa nusu kasi. Faida yake ni ya kweli: mashine ikizunguka nusu, sauti ya kilohezi 20 inakatwa kama ya 10, na kichwa cha kukatia hakihangaiki. Faida kubwa zaidi ilikuwa ya nafasi. Albamu ya Innuendo, zaidi ya dakika 53, ilibanwa kwenye santuri moja mwaka 1991 kwa kukata baadhi ya nyimbo. Upande wa LP ukishapita kama dakika 22, mifereji inasongamana na sauti lazima iteremshwe. Safari hii ilipewa santuri mbili, ikaenea nzima.

Lakini kwaya ya 1975 imebaki na chembechembe zake. Zimo ndani ya sauti zenyewe.

Kubadilisha hilo kunahitaji kumiksi upya, na hapo tumeacha kabisa mazungumzo ya rimasta. Queen walifanya hivyo mwaka 2024 kwa albamu yao ya kwanza, ambayo drams zake, zilizorekodiwa studio ya Trident, hazikuwahi kuwaridhisha. Beatles walifanya Revolver mwaka 2022 kwa programu ya timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson inayotenganisha ala zilizorekodiwa traki moja: "Taxman" ina drams, besi na gitaa kwenye traki moja, na sasa kila kimoja kimepata mahali pake. Inasisimua. Pia inamfanya Ringo awe mahali ambapo hakuna aliyemweka mwaka 1966.

Na "She's Leaving Home"? Giles Martin, mwana wa George, alipoimiksi upya kwa sterio mwaka 2017, aliipa kasi ya mono.

Ya kununua

Anayetaka sanduku moja achukue la mono, kisha Abbey Road na Let It Be za sterio za 2009 kando. Albamu nyeupe ningeitaka kwa sterio pia, kwa ajili ya kile kishindo cha mwisho cha "Helter Skelter". Mwenye hedifoni tu asiguse sterio za 1963 kabla hajawasha kitufe cha mono kwenye simu yake; kipo kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), iPhone na Android.

Angalizo la mwisho ni la Help! na Rubber Soul. Katika sanduku la sterio, albamu hizo mbili ni miksi za George Martin za 1986, zenye mwangwi wa dijitali wa wakati ule, nazo ndizo zilizotumika kwenye CD za 1987. Sterio za 1965 ziko kwenye sanduku la mono, zimewekwa baada ya mono kwenye diski hizo hizo.